Sava Katika Chumba cha Mama Mkwe

Kati ya wasichana wote wa Ukambani, kutoka Kyuso huko juu hadi mwisho wa Makueni, mimi nilienda kupenda binti ya mama aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha sava. Siyalaumu mapenzi. Msichana alikuwa mzuri, mwalimu, mcheshi, na alinicheka kila nilipostahili kuchekwa, kwa hivyo hakukosa kazi. Najilaumu mimi, niliyejiita mtaalamu wa kompyuta, nikashindwa kuona kwamba siku nitakayopeleka mbuzi kwao nitakuwa nimejifungia nje ya kazi yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, mjini Kitui, kwenye ofisi ya mradi wa maji wa kanisa. Mradi ulijenga mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu inayokauka, na kazi ya kubeba mawe ilifanywa na mwethya, yale makundi ya akina mama wanaosaidiana kwa zamu. Mimi nilikuwa kijana wa kompyuta. Nilikuwa nimesoma Nairobi nikarudi na tai, na ukinisalimia tu nilikuwa nishakutajia neno "sava", ile kompyuta kuu inayotunza mafaili ya ofisi nzima. Aki nilikuwa nachosha watu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kujipiga kifua. Waliounda programu za sava walikuwa binadamu, waliacha matundu. Baada ya muda waligundua tundu moja, wakatuma kiraka cha kuliziba. Wenye dawa za virusi nao walituma dawa mpya, maana hakosekani mtu mahali ameketi kubuni ugonjwa mpya wa kompyuta. Siku hizi vitu hivyo hujishusha vyenyewe ukiwa umelala. Sisi vilitufikia kwa basi la Nairobi, kwenye disketi ndani ya bahasha ya kaki, na kondakta akiita getini, "Nyinyi watu wa maji, kuja mchukue mzigo!" Tuliziita apdeti. Yangu ilikuwa kuzichukua, kuzitia kwenye sava, kuizima na kuiwasha. Basi.

Sava iliwekwa kwenye chumba cha ndani kilichokuwa stoo ya simiti, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na mlango wa maana. Ufunguo ukapewa mtu ambaye kamati nzima ilimwamini, yaani karani mkuu wetu. Huyu mama alianza kupiga taipu ofisi za serikali miaka ya sitini, wakati wanaume walikuwa wanakuja dirishani kutazama vidole vyake. Akawekewa meza humo humo, kando ya sava. Kwa kuwa ni mtu wa heshima zake, aliifunika mashine kwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya manjano. Kila nikiingia nilikiondoa nikimweleza habari ya joto, na kila nikitoka alikirudisha.

Lakini alikuwa na jambo moja moyoni, na ofisi nzima ililijua. Sheria ya mradi ilisema mama aliyebeba mawe ya bwawa, nyumba yake itachota maji bure, yeye na watoto wake na wajukuu. Asiyekuwa kwenye rejista atanunua. Sasa mchwa, wale mchwa wetu wasio na adabu, wakala rejista za karatasi zikabaki ganda. Mama akaanza upya. Aliita makundi moja moja, ya Tulia, ya Migwani, ya Kyuso, akauliza nani alibeba, nani alikufa, nani aliacha binti, akaandika yote ndani ya sava. Kazi ile ilimchukua zaidi ya mwaka. Alikuwa anastaafu baada ya mkutano mkuu, na kitu kimoja tu ndicho alichotaka: rejista ichapwe na isomwe mbele ya watu kabla hajaenda kwake. Nakala nyingine haikuwepo. Mashine ya kuhifadhi nakala ilikufa Krismasi, na mimi niliahidi kuishughulikia kwa ile sauti ya mtu asiyekusudia kushughulikia kitu.

Kabla sijaoa tulikuwa marafiki. Nilikuwa naingia humo kama kwangu, naketi kando yake, ananipa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye kifuniko cha bakuli. Nilimfundisha kuunda folda, kunakili, kufuta. Kila mtu wa ofisi alikuwa na folda yake ndani ya sava, yenye jina lake, na mama alizipanga kama vikombe kabatini. Kisha siku moja binti yake akaja kumletea mwavuli, mimi nikamwona, na akili zangu zikaishia hapo.

Mahari ilipokwenda tu, nthoni ikaingia. Nthoni ni ile aibu ya heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamshikani mikono. Hamketi chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anapinda kwenye majani kana kwamba ameangusha kitu. Yeye hatamki jina lako, wewe hutamki lake. Ni kweli sote tulikuwa tumeokoka, na mchungaji alishasema mambo hayo yamepitwa na wakati. Lakini mchungaji mwenyewe alikuwa anaruka ua akimwona mama mkwe wake sokoni, kwa hivyo hatukumsikiliza.

Jumatatu baada ya sherehe nilifika kazini na disketi mkononi, nikasukuma mlango wa sava, nikamwona mama, naye akaniona. Alijifunika leso uso mzima. Mimi nikageuka mbio, nikagonga kabati ya mafaili, nikaishia jikoni nikijifanya natafuta sukari. Mpishi aliniuliza kama kuna moto.

Basi nikaanza kuishi kwa ujanja. Jumatano mama alikuwa anaenda ushirika wa akina mama, akimwachia mhasibu ufunguo, nami naingia. Hata hivyo nilikuta kiti chake, na leso yake juu ya kiti, na mkwe hakalii kiti cha mama. Kwa hiyo nilitia apdeti nikiwa nimesimama, nimepinda mgongo kama mtu anayepalilia, na Alhamisi natembea nimeshika kiuno. Maagizo madogo madogo niliyapitisha kwa mke wangu, aliyekuwa anafundisha upande wa Makueni na kurudi wikendi.

"Mwambie mama asiifunike mashine."

"Mwambie wewe. Si mko ofisi moja?"

"Wewe unajua siwezi."

"Na sava inajua huwezi?" Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. "Lakini ile rejista ya mama ikipotea, wewe utaniambia nini mimi?"

Nilimwambia asijali, iko sawa kabisa. Neno hilo nililitumia sana mwaka ule. Mkutano ulipokaribia, mama aliacha kwenda ushirika ili amalize makundi yaliyobaki, na mlango wangu wa Jumatano ukafungwa. Disketi zikaendelea kuja na basi. Nilizipokea, nikatia sahihi, nikazipanga vizuri kwenye droo yangu, zimefungwa raba. Meneja akiuliza, "Mambo ya usalama wa sava?" najibu, "Iko sawa kabisa, sir." Nilikuwa na dawa yote ya Ukambani ndani ya droo, na mgonjwa chumba cha pili hajaonja hata moja.

Siku moja kabla ya mkutano, simu ililia asubuhi. Ilikuwa kutoka kwa wale waliotuuzia mashine. "Ile virusi ya tarehe ya kesho," kijana akasema, "mlishatia dawa, si ndio?" Nikauliza ni virusi gani. Akasema ilikuwa imeandikwa kwenye bahasha za miezi miwili. Vilikuwa vinalala kwenye mashine kimya kimya, na kesho vingeamka na kufuta kila kitu. Kesho ndiyo siku ambayo mama angewasha mashine alfajiri na kuchapa rejista yake.

Wueh! Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Meneja na dereva na mhasibu walikuwa wameshaondoka kwenda kupanga viti na hema huko mkutanoni. Ofisini tulibaki mimi, mpishi aliyekuwa akiogopa hata kikokotoo, na mama, ndani, mlango umefungwa, akiandika kundi la mwisho. Kwenye benchi la veranda, nje kidogo ya mlango ule, waliketi akina mama wa kundi hilo kutoka Kyuso. Walikuwa wameshasema majina yao, sasa walikuwa wanasuka viondo wakingoja gari.

Nilisimama mbele ya mlango. Nikainua mkono kubisha, nikaushusha. Akina mama wakaacha kusuka wakanitazama. Wote walijua mimi ni nani kwa mama aliyekuwa ndani, na kwa hesabu ya rika wao pia walikuwa wakwe zangu, kwa hivyo na mimi sikuwatazama. Nilikuwa nimebakiwa na ubao tu wa kutazama.

"Mlango," nikasema.

Nyuma yangu mtu alikohoa.

"Mlango, shikamoo. Kama ndani yako kuna mtu, mwambie kuna ugonjwa kwenye mashine, na kesho utakula rejista yote."

Sauti ya kuchapa ilikatika. Kisha nikasikia kiti kikisogea, na sauti ya mama, taratibu, kavu, "Mlango, muulize huyo mtu dawa iko wapi."

Nilipiga magoti nikazisukuma disketi chini ya mlango moja moja. Nikasikia zikiokotwa.

"Mlango, muulize huyu mtu kwa nini ziko nyingi hivi."

"Mlango, ni... ni za tangu Januari."

"Aa," mlango ukajibu. Sijawahi kukaripiwa kwa neno fupi zaidi ya hilo.

Tukaanza. Mkwe hamwamuru mama, wala hamwambii atoke ampishe, kwa hiyo nilitafuta namna ya kusema bila kuamuru. "Mlango, ingekuwa vizuri disketi ya kwanza ikiingia." "Mlango, pengine mtu angebonyeza ile kubwa ya kulia." Kisha mashine ikadai neno la siri la mkuu wa sava. Mkuu wa sava ni mimi. Neno la siri nililiweka wakati wa uchumba, na katika mambo yote niliyojifunza Nairobi kuhusu usalama, hakuna aliyenifundisha kwamba ipo siku nitalitamka mbele ya mama mkwe.

"Mlango, andika T. A. M. U." Nikashusha sauti. "S. A. N. A."

Akina mama kwenye benchi walikuwa wamejifunza kusoma kwenye ngumbaru, na waliunganisha zile herufi haraka kuliko nilivyotaka. Mmoja aliingiza uso wake ndani ya kiondo. Bega lake lilikuwa linaruka.

"Mlango," mama akauliza, "ni tamu nini?"

"Sana," nikasema, na natamani hata leo ardhi ya Kitui ingekuwa laini kidogo ili inimeze.

Viraka viliingia bila matata, na dawa ikaanza kupekua mafolda. Nikasikia mlio.

"Mlango, mwambie huyo mtu ugonjwa umeonekana," mama akasema.

"Uko folda ya nani?"

Kimya.

"Mlango, ni folda gani? Mashine imeandika jina hapo juu."

Kimya. Nikadhani hajaona. Kisha nikadhani anamficha mtu, na hasira ikanipanda, kwa sababu mimi nikiogopa huwa mkali. "Ni ya mhasibu, au sio? Nilijua! Huyo na disketi zake za kuokota Machakos! Nimewaambia watu wa ofisi hii mara ngapi wasiweke takataka zao kwenye sava? Watu hawana nidhamu! Ni meneja? Kama ni meneja nitamwambia machoni!" Niliendelea hivyo, nikinyoosha kidole mbele ya ubao. Niliwataja wote waliokuwa na folda humo. Kila jina nililotaja, mlango ulijibu, "Siye."

Majina yakaniishia. Mmoja wa akina mama wa Kyuso, bila kuinua macho kwenye kiondo chake, akasema polepole kama anayezungumza na uzi, "Kuna jina moja tu ambalo huyo mama hawezi kutaja."

Ai! Nilishika ukuta. Ni yangu. Ugonjwa uliingia na ule mchezo wa karata nilionakili kutoka kwa rafiki yangu wa Nairobi, nikauficha kwenye folda yangu ili nicheze saa za chai, nikiwa mlinzi mkuu wa usalama.

"Mlango," nikasema kwa sauti ya mtu mdogo sana, "mashine inauliza kama ifute?"

"Inauliza."

"Basi ingefutwa. Ingebonyezwa herufi ya ndiyo."

Nilingoja. Hapakuwa na mlio wowote. Mama alipozungumza, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mlango, hapa pameandikwa kufuta, halafu pameandikwa jina la mtu aliyeoa kwangu. Najua ni mashine. Ninajua kabisa. Lakini mkono umekataa."

Akina mama kwenye benchi hawakucheka tena. Mmoja akasema, "Asibonyeze," na wengine wakaitikia kwa koo. Nilimsihi mpishi aingie abonyeze, akakimbilia jikoni. Niliwatazama wale akina mama, wakatikisa vichwa kabla sijafungua mdomo. Hakuna aliyetaka kuwa mkono wa kufuta jina langu. Rejista yao ilikuwa humo, maji yao yalikuwa humo, na walikuwa tayari kuketi hapo wapotewe nayo. Moyo wangu ulivunjika, nasema wazi. Mimi nilicheza na kazi yao miezi yote ile kwa sababu ya aibu, nao hawakutaka kugusa hata herufi zangu.

"Mlango," nikasema, "mwambie mama ajifunike. Naingia."

Kufuli ililia. Niliingia kinyumenyume, nikitazama nilikotoka, nikagonga feni, nikagonga pipa la karatasi, nikapapasa hadi meza. Mama alikuwa amegeuza kiti akatazama ukutani, leso kichwani. Nilibonyeza ndiyo. Mashine ikauliza kama ifute faili au folda nzima, na kwa kiherehere nikabonyeza folda nzima. Karata zikaenda, na barua zangu zote, na jina langu likatoka kwenye orodha. Kisha nikaizima sava na kuiwasha, kama dawa ilivyotaka.

Sava za siku zile zilichukua muda kuamka. Tulingoja ndani ya ile stoo ya simiti, migongo ikitazamana, mimi na yule mama aliyekuwa ananipa muthokoi. Nilisikia akipumua. Nilisikia midomo yake ikiomba. Nikaanza kuomba na mimi, ila sikuwa na uso wa kuomba mengi.

Ilipoamka, nikafungua rejista. "Mashine," mama akasema ukutani, maana mlango ulikuwa umeshapitwa, "soma wa Tulia."

Nikasoma jina la kwanza. "Yupo," akasema. Nikasoma la pili. "Alikufa, ana binti." Ndivyo ilivyoandikwa. Nikasoma, na nje kwenye veranda akina mama wakaanza kuitikia kila jina wanalolijua, na nilipofika kundi lao nilishindwa kuona skrini vizuri kwa machozi. Mama alinipitishia ncha ya leso yake juu ya bega, bila kugeuka.

Rejista ilichapwa alfajiri na kusomwa mbele ya watu wote. Walioitwa na hawapo tena, mabinti zao walisimama. Mama alisimama mbele akiwa amevaa kofia ya kanisani, na mimi nilikuwa nyuma kabisa, nyuma ya hema, mahali pangu.

Jumatatu alirudisha ufunguo akaenda nyumbani. Nikaingia chumba cha sava kama mtu wa kawaida, nikaketi kwenye kiti cha mhasibu nilichokibeba mwenyewe, nikaondoa kitambaa cha maua. Nilitaka kujiundia folda mpya badala ya ile niliyoifuta. Nikafungua orodha. Baada ya ya meneja, baada ya ya mhasibu, palikuwa na folda ambayo sikuiunda. Ndani haikuwa na kitu, ilikuwa inangoja kutumiwa. Jina langu hakuweza kuliandika, kwa hiyo alikuwa ameandika MWANA.